Nyanya Asitiwe Chumvi

Chumba cha juu, nyuma ya mkahawa
Jumanne, tarehe 14, saa tisa alasiri

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na mapacha. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia unapanda ngazi za wodini huku unazihesabu, nikakusihi uombe zamu za ghorofa ya chini. Hukunijibu, kwa hiyo najua hukuomba. Ninyi wauguzi ndio wagonjwa wabishi kuliko wote. Na mapacha je, bado wanagombania kiti cha dirishani, au wamekua sasa wanagombania bafu?

Sisi huku miili haijambo. Shangazi miguu inamvimba kila jioni, anailoweka kwenye beseni na kuitukana. Mdogo wetu Kitinda ana afya ya kutuzidi wote: anakula vizuri, analala vizuri, na kila asubuhi anaamka na wazo jipya. Mimi ni mzima, ila sauti imekauka. Ukisoma utajua kwa nini.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu mbili. Kwanza, ndani ya bahasha hii umo mkataba unaohitaji saini yako ya wino. Pili, nikikuandikia marefu kwenye simu unanirudishia kidole gumba, na hadi leo sijui kile kidole huwa kinakubali nini. Chemsha chai, keti, unisome mpaka mwisho.

Habari ndogo nizimalize. Paa la stoo limezibwa. Binti wa Shangazi amejifungua salama, mtoto wa kike, mwenye sauti ya dalali wa mnada. Shangazi ameitwa akalee mjukuu, naye mpaka sasa amekataa. Nasema mpaka sasa.

Haya, mkahawa. Tangu mwezi uliopita kila meza, zote kumi na moja, ina kibandiko chenye miraba myeusi na myeupe. Mgeni anakielekezea simu, orodha ya vyakula inamfungukia, anabonyeza anachotaka, na oda inatokea jikoni kwenye printa ndogo inayolia kama kifaranga. Kitinda ndiye aliyeuleta mfumo huu kwa majaribio. Chini ya kila kibandiko ameandika: Agiza bila usumbufu.

Dada, kabla ya kuja kukata vitunguu hapa nilihariri maneno ya watu gazetini miaka kumi na tisa, na ninajua kwamba neno la namna hiyo huwa lina mtu ndani yake. Huo usumbufu ni nani? Kabla ya kibandiko, kati ya mgeni na chakula chake alikuwa amesimama nani? Shangazi! Dada wa baba yetu, aliyeanza kupokea oda siku ile ile mama alipofungua mlango, kalamu imechomekwa kwenye kilemba. Tumeandika mara kumi na moja, kwenye meza zetu wenyewe, kwamba Shangazi ni usumbufu, tena kwa gundi isiyobanduka hata kwa maji ya moto. Nimejaribu.

Sasa amefanywa mbeba sahani. Ameambiwa asisimame mezani, asiulize kitu, aweke sahani aondoke. Nilimfuata Kitinda kaunta nikamuuliza ni nani amemfundisha adabu hiyo.

“Kaka, mgeni ameshajieleza kwenye simu,” akanijibu bila kuinua macho. “Watu wenye njaa hawataki maswali.”

“Mtu mwenye njaa ndiye hasa wa kuulizwa.”

“Andika makala, basi.”

Nikaandika. Nimeandika tatu, moja ikatoka gazetini na jina la mkahawa wakaliondoa. Kitinda aliikata akaifungia vitumbua alivyompelekea mchumba wake.

Unakumbuka namna mpishi wetu anavyopika supu. Chumvi inaingia chunguni mara moja, kabla ya mlango kufunguliwa. Asiyekula chumvi lazima ajulikane mapema, bakuli lake litengwe kabla chumvi haijaingia. Kwa hiyo Shangazi alikuwa akisimama mlangoni saa tano na nusu anaangalia nani anavuka barabara. “Mzee wa posta huyo, tenga moja. Mwalimu leo kaja na mama mkwe, tenga mbili.” Mpishi anatenga. Hayo hayakuandikwa kwenye kitabu chochote, yalikuwa kichwani mwake na mdomoni mwake. Kitinda akasema mfumo wa kisasa hauwezi kutegemea kichwa cha mtu mmoja. Nakiri kwamba hapo ana hoja. Lakini badala ya kukiandika kile kichwa, amekifunga mdomo.

Sasa nakuja kwenye Jumamosi iliyopita, na hapa nakuomba usinikatize hata moyoni.

Meza ya saba walikaa watu watano: mama mmoja, mumewe, watoto wao wawili wakubwa na mama mzazi wa yule mume, bibi mwembamba mwenye fimbo. Walikuwa wageni, hawajawahi kufika kwetu. Binti yao, mwanafunzi wa chuo, ndiye aliyeshika simu akaagizia wote. Kwenye orodha kuna kisanduku kidogo cha maelezo, mgeni anaandika humo lolote analotaka jikoni walijue. Yule binti anamwita bibi yake nyanya, kama wanavyomwita wasemaji wengi wa lugha hii. Akaandika: “Nyanya asitiwe chumvi tafadhali, daktari amemkataza.”

Mtoto wa miaka minne anaielewa sentensi hiyo. Ile “a” ya mwanzo wa “asitiwe” ni mtu, yupo, anapumua, ana fimbo. Ingekuwa tunda ingekuwa “isitiwe”, au “zisitiwe” zikiwa nyingi. Sijawahi kumsikia mtoto akisema nyanya analia, akimaanisha lililomo kwenye kikapu. Lugha yetu imembeba bibi mzima ndani ya herufi moja, na haijawahi kumwangusha.

Ila mfumo unajisifu kwamba unafupisha maelezo ili jikoni pasomeke haraka. Kifaranga kikalia, karatasi ikatoka: SUPU YA MBOGA 5. NYANYA, BILA CHUMVI.

Na unajua nani aliichana ile karatasi? Mimi. Msaidizi wa jikoni alikuwa na ruhusa, nilisimama meza ya saladi. Mimi ninayewakemea watu kwa kukosea “ambaye” na “ambao”, niliisoma karatasi ile mara moja tu, nikachagua nyanya mbili zilizoiva vizuri, nikazikata duara, nikazipanga kwenye sahani kama maua, nikaweka na jani la saladi katikati. Bila chumvi. Nikajipongeza. Supu tano zikachotwa kwenye chungu kile kile kimoja.

Shangazi akabeba. Aliweka mabakuli, akaweka na sahani yangu ya maua, akasita. Yule binti akacheka: “Hii saladi ya nani? Hatujaagiza.” Shangazi alikuwa ameamriwa asiulize, akaondoka. Alifika mlango wa jikoni, akaniona, akaniambia, “Lete hiyo karatasi.” Akaisoma kwa sauti. Kisha akageuka akarudi mbio, Dada, na miguu ile.

Alikuta bibi ameshafika nusu ya bakuli. Miezi mitatu alikuwa anakula chakula kisicho na ladha, na sasa macho yanamng'aa. “Leo nimekula!” anawaambia wajukuu. “Hawa ndio wanajua kupika, si mama yenu.”

“Mama, naomba bakuli,” Shangazi akasema.

“Bakuli gani? Langu?”

“Lina chumvi, mama.”

“Ndiyo maana silitoi!”

Meza nzima ikacheka, hata mimi mlangoni nilicheka. Walivutania lile bakuli mpaka supu ikamwagika kwenye kitambaa. Bibi akasema atamshtaki mtu anayenyang'anya wazee chakula. Ilikuwa kichekesho kweli, mpaka saa kumi alipoanza kuona kizunguzungu na pumzi kumbana, wakamkimbiza hospitali.

Alirudi nyumbani Jumapili, Mungu mkubwa. Wewe ndiye utakayejua kama nusu bakuli linaweza kufanya hayo. Daktari aliwaambia huenda ni supu, huenda ni jua, huenda ni hasira za kunyang'anywa. Sijifichi nyuma ya huenda tatu. Bibi aliingia kwetu akitembea, na ombi lake lilifika mpaka mkononi mwangu, mimi nikalikatia saladi.

Jana binti yule alikuja. Nilijiandaa kutukanwa, na ningependa angetukana. Aliomba tu aione karatasi. Nikampa. Akaisoma, akaigeuza nyuma kama vile yaliyobaki yameandikwa huko, akasema, “Lakini niliandika sentensi nzima.”

Tangu jana kauli hiyo haijanitoka kichwani.

Ungetegemea Kitinda ashituke. Alishituka, tusimwonee. Alipeleka matunda hospitali, akakaa na familia ile masaa mawili. Ila leo asubuhi ameshuka na dawa yake: kile kisanduku cha maelezo kiondolewe. Mgeni abonyeze vilivyoorodheshwa, basi, asiandike kitu. “Tatizo lilitokana na maandishi,” ananiambia. “Pasipo maandishi hapana kosa.” Nilimwambia kwa mantiki hiyo pasipo wageni hapana kosa kabisa, tufunge. Akasema mimi napenda kushinda kuliko kusaidia. Nikamwita jina ambalo mama asingependa kulisikia. Shangazi akatutuliza kwa kugonga sufuria.

Sasa nikuambie jambo ambalo linaniudhi kwa sababu haliko upande wangu. Ng'ambo ya barabara kuna fundi cherehani, kiziwi, mteja wetu wa miaka sita. Kila siku huagiza kuku. Shangazi akimwona anapunga viwiko kama mbawa, fundi anacheka na kuitikia kwa kichwa, kuku anakuja. Sote tulikuwa tunajivunia ule urafiki. Wiki ya kwanza ya vibandiko fundi alitoa simu, akaagiza samaki, na kwenye kisanduku akaandika maneno aliyotuonyesha kwenye simu yake: “Miaka sita nakula kuku kwa sababu ndiyo ishara mliyoijua. Sipendi kuku.”

Shangazi aliposomewa alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akasema, “Na mimi nilikuwa naona nimemjua.” Siku iliyofuata alikwenda mwenyewe dukani kwa fundi na kalamu na daftari, wakaandikiana kwa zaidi ya saa nzima.

Kwa hiyo siwezi kukuandikia, kama nilivyoandika gazetini, kwamba simu zichomwe na vibandiko vikwanguliwe. Simu imempa fundi mdomo. Ninachokataa ni kumpa mtu mdomo mwezi wa kwanza na kuuziba mwezi wa pili, eti kwa sababu jikoni kuna mashine inayosoma vibaya na mhariri mstaafu anayesoma vibaya kuliko mashine. Kisanduku ndicho kitu pekee cha maana katika mfumo wote ule! Vingine ni orodha tu, na orodha tulikuwa nayo ukutani.

Nilimweleza Shangazi haya nikidhani atanishukuru. Alikuwa anakunja vitambaa.

“Wewe mtoto wa kaka yangu,” akasema, “umenitetea mwezi mzima. Umewahi kuniuliza nataka nini?”

Nikasema nadhani anataka kazi yake ya zamani.

“Nani kakuambia? Kuimba orodha ile ile kwa meza kumi na moja, mtu anakuuliza kuku ana bei gani na bei imebandikwa mbele ya pua yake? Hiyo simu ifanye, nimeichoka. Wewe unapigia kelele miguu yangu mpaka wageni wananiangalia kama maiti. Yule wa posta juzi kaninyanyukia kiti!”

“Sasa unataka nini, Shangazi?”

“Karatasi zipite kwangu kabla ya jikoni. Nisome yale yote mgeni aliyoandika, si kile kipande. Nisipoelewa niende mezani niulize. Nikielewa natia alama yangu, mpishi anapika. Basi. Na huyo mdogo wako nimeshamwambia: mwisho wa mwezi ama karatasi zinapita mkononi mwangu, ama naenda kulea mjukuu wangu, ambaye naye hajui kufupisha.”

Kitinda amekataa. Anasema mtu akisimama tena katikati, mfumo hauna maana, na watu wa kampuni ya mfumo wanauza kasi. Hachukii mtu, Dada, nataka umtendee haki. Anaogopa. Mkahawa mpya wa pembeni mwa benki unajaa, wetu unapwaya Jumatatu na Jumatano, na yeye ndiye anayeamka alfajiri kwenda sokoni. Lakini hofu yake imempeleka kumtupa nje mtu pekee ambaye Jumamosi alimkimbilia yule bibi.

Ndiyo maana ya karatasi zilizomo humu. Ni mkataba wa mfumo, miaka mitatu. Mama alituachia mkahawa sisi watatu, hivyo neno la wawili ndilo linalopita. Kuna nakala mbili. Ya kwanza ni kama kampuni ilivyoituma leo asubuhi kwa ombi la Kitinda: kisanduku kinaondolewa, na kifungu cha tisa kinasema mhudumu wa kupokea oda hatahitajika. Hiyo Kitinda ameshaisaini. Ya pili nimekata vifungu hivyo kwa rula, nikaandika kwa mkono mistari miwili: kisanduku kibaki na maneno ya mgeni yachapwe yote bila kufupishwa, kila karatasi ipite kwa Shangazi kabla ya kwenda jikoni. Mtu wa kampuni nilimpigia simu, akasema kuzima ufupishaji ni kubonyeza kitufe kimoja, hakuna aliyewahi kuwaomba. Hiyo ya pili nimeisaini mimi. Itasimama ile utakayoiwekea jina lako. Mtu wa kampuni anakuja Ijumaa ya wiki ijayo, na binamu anayekuletea bahasha hii anarudi huku Jumatano ya wiki hiyo hiyo.

Leo mchana tumeona mfano wake, bila ruhusa ya mtu. Kifaranga kilipolia mara ya kwanza Shangazi aliiwahi karatasi. Kitinda akaja juu. Mpishi, ambaye unajua huwa hasemi maneno kumi kwa siku, akaweka mwiko chini.

“Karatasi isiyo na wino wake siipiki,” akasema.

“Nani bosi hapa?” Kitinda akauliza.

“Wewe. Njoo upike.”

Kwa hiyo Shangazi akasoma. Maneno yamefupishwa bado, ilibidi atembee kila meza penye shaka. Meza ya pili karatasi ilisema “BABA, MOTO”, kumbe baba ana meno mabovu, hali kitu cha moto. Meza ya kumi ilisema “MTOTO, NUSU”, akauliza nusu ya nini, wakaambiana wao wenyewe mpaka wakagundua hawajui. Nilimsikia anacheka nao. Alikuwa na kalamu kwenye kilemba na hakuna aliyemnyanyukia kiti.

Meza ya nne walilalamika. Mwanamume mwenye koti aliangalia saa mara mbili akaondoka kabla sahani haijafika. Sikufichi hilo.

Hapa nilipo Kitinda amepanda ngazi, amesimama nyuma ya kiti changu. Ameniomba, kwa sauti ya chini ambayo sijaisikia kwake mwezi huu, niandike kwamba leo chakula kilichelewa, kwa wastani, dakika nane kila meza. Amezipima kwa simu yake. Anasema nikikuandikia bila hilo nitakuwa nakudanganya.

Ni kweli, na nimeliandika. Ni dakika nane, Dada. Mimi nazitoa bila kusita, yeye hataki kuzitoa, na Shangazi yuko chini anafuta meza akisubiri kujua kama mwishoni mwa mwezi afunge begi. Saini upande wowote, ila usiache pande zote mbili wazi kwa kuogopa kutuudhi. Tumeshaudhika tayari.

Msalimie sana shemeji, mwambie deni la ubishi wetu wa mpira liko pale pale. Wabusu mapacha kila mmoja peke yake wasigombane. Mama mkwe wako mpe shikamoo yangu, na kama naye amekatazwa chumvi, simama karibu na sahani yake. Kitinda anakusalimu, ameniambia niandike hivyo na nisiongeze kitu. Shangazi anasema unywe maziwa kwa ajili ya hilo goti. Mungu akulinde ngazini na zamuni, akurudishe kwetu ukiwa na miguu yote miwili.

Nakupenda, hata ukiisaini ile nyingine, ingawa hapo nitakupenda kwa kelele.

Wako akupendaye asiyejua kunyamaza,
Mdogo wako wa katikati